Moto wa Pili

Trela la safari, ile nyumba ndogo ya bati na mbao nyembamba ambayo Wamarekani huifunga nyuma ya gari na kuikokota hadi kwenye starehe zao, lilibuniwa kwa ajili ya watu waliolifuata jua, wala si kwa watu walioingoja theluji iwakute. Wally Byam, aliyeasisi kampuni ya Airstream mwaka 1931 na ambaye jina lake haliwezi kutengwa na historia ya vyombo hivi, alipotaka kuuonyesha ulimwengu uthabiti wa matrela yake alichagua njia ya jua: mwaka 1959 aliondoka Cape Town na msafara wa matrela 41, akapanda nao bara letu kwa taabu kubwa ya matope na vumbi, akapita Afrika ya Mashariki na Uhabeshi, na msafara ukafika Kairo mwaka uliofuata. Kuta za chombo cha namna hiyo aghalabu hazizidi inchi 2 kwa unene, madirisha yake ni ya kioo kimoja, na sakafu yake imening'inia juu ya upepo. Yote hayo hayana ila yoyote mwezi wa Julai, na yote hugeuka kuwa hasara mwezi wa Januari.

Walakini watu hawachagui siku zote majira ya kuishi katika nyumba waliyo nayo. Katika mji wa Williston, jimbo la North Dakota, miaka iliyofuata 2008, mafuta ya mwamba wa Bakken yaliwavuta wafanyakazi wengi kuliko nyumba zilizokuwapo, na wanaume waliotoka pande zote za Marekani wakapitisha majira ya baridi ndani ya matrela, katika nchi ambayo usiku wa Januari hushuka mara kwa mara hata nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na wimbi la baridi likiteremka kutoka Kanada hupita 30. Huko Quartzsite, katika jangwa la Arizona, maelfu ya wasafiri, wengi wao wazee waliostaafu, hukusanyika kila mwaka kuikimbia baridi ya kaskazini, nao pia hukuta kwamba usiku wa jangwa waweza kukaribia kuganda. (Ni mji uo huo alikozikwa, mwaka 1902, Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa mwaka 1856 kutoka milki ya Uthmaniya kulitumikia jeshi la Marekani, kaburi lake lina piramidi ya mawe na sanamu ya ngamia kileleni, na Mswahili wa pwani apitaye huko atapata faraja kusimama hapo na kumrehemu.) Mwandishi Jessica Bruder aliwaeleza watu wa maisha haya ya magurudumu katika kitabu chake *Nomadland* cha mwaka 2017, na asomaye atafahamu kwamba wengi wao hawakutoka nyumbani kwa starehe, bali kwa kushindwa na kodi.

Hao wote, na pamoja nao baadhi ya ndugu zetu wasemao Kiswahili ambao riziki imewafikisha kwenye baridi hiyo, huuliza swali moja: tanuri lililokuja na trela halitoshi, au latosha lakini linakula gesi kupita mapato, basi tuongeze moto gani, na tuuweke wapi? Jawabu langu, ambalo sura hii yote itakuwa ufafanuzi wake, ni kwamba moto wa pili sharti uwe msaidizi wa moto wa kwanza wala usiwe mrithi wake, na kwamba aununuaye kabla hajajua moto wa kwanza unafanya kazi gani hununua msiba kwa fedha yake.

Tuanze basi na huo moto wa kwanza. Takriban kila trela la Marekani lina tanuri dogo la gesi ya propani lililofichwa chini ya kabati au chini ya kitanda, nalo ni chombo cha busara. Moto wake huwaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, ambacho huvuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje, kwa matundu utakayoyaona ubavuni mwa trela. Hewa ya ndani hupita juu ya mgongo wa kile chuma, ikapata moto, ikasukumwa na feni kwenye mabomba hadi vyumbani. Aliyelala ndani, kwa hiyo, havuti pumzi moja na moto wake, na hilo tutalikumbuka tutakapofika kwa vyombo vingine. Ila zake ni mbili. Ya kwanza ni ulafi: tanuri la wastani huchoma kwa saa BTU 30,000, kipimo cha joto kitumiwacho na wauzaji wote wa huko, na karibu robo ya joto hilo huenda zake na moshi, mtungi wa ratili 20, yaani kilo 9, una BTU zipatazo 430,000, kwa hiyo tanuri likiwaka bila kupumzika huumaliza kwa saa 14. Ya pili ni ile feni, ambayo hula ampea 7 au 8 za betri ya volti 12, na betri moja ya kawaida, ambayo baridi yenyewe imekwisha kuipunguzia nguvu, huweza kufa kabla ya alfajiri. Na feni ikifa tanuri nalo huzimika, hata mtungi ukiwa umejaa pomoni.

Liko na jambo la tatu, ambalo si ila ya tanuri bali ni tabia ya gesi. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hata Williston haikosi kutoa mvuke. Lakini kadiri baridi inavyozidi ndivyo mvuke unavyotoka kwa uvivu, na mtungi mdogo uliobakiwa na gesi kidogo hushindwa kulitosheleza tanuri kubwa. Gesi ya butani, ambayo katika mitungi yetu ya jikoni huchanganywa na propani, huacha kuchemka karibu na sifuri, na kwa sababu hiyo haifai huko hata kidogo.

Sasa, ni joto kiasi gani linalohitajiwa? Nitapiga hesabu mbele ya msomaji, maana hesabu hii ndiyo itakayomkinga na maneno ya wauzaji. Tuchukue trela la futi 24, lenye urefu wa mita 7.3, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1. Ukijumlisha sakafu, paa na kuta zake unapata mita za mraba 76 hivi, na tuseme 5 kati ya hizo ni madirisha. Ukuta wa trela hupitisha wati 0.8 hivi kwa kila mita ya mraba na kwa kila nyuzi moja ya tafauti kati ya ndani na nje. Kioo kimoja hupitisha karibu wati 6, mara saba ya ukuta. Ukiongeza na hewa ipenyayo milangoni, jumla hufika wati 100 kwa kila nyuzi moja, maadamu trela ni zima na waliolitengeneza hawakuiba kazi. Nje kukiwa nyuzi 12 chini ya sifuri, nawe ukataka 18 ndani, tafauti ni 30, na trela lako linavuja wati 3,000. Baridi ikifika 30 chini ya sifuri, linavuja karibu 4,800. Hita ya umeme iuzwayo madukani hutoa wati 1,500. Peke yake, basi, huweza kubeba tafauti ya nyuzi 15 tu, yaani itatosha nje kukiwa nyuzi 3 juu ya sifuri, na chini ya hapo huwa ni ya kupunguza mzigo, si ya kuumaliza.

Hesabu hiyo hiyo yatufunza jambo jingine, ambalo wengi hulipita wakikimbilia dukani. Yale madirisha, ambayo ni karibu sehemu moja tu katika 15 ya gamba lote la trela, hupoteza zaidi ya robo ya joto lote. Utando wa plastiki angavu ubandikwao kwa ndani ya fremu, ukapulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ukakazana na kuacha hewa tulivu kati yake na kioo, hupunguza upotevu wa dirisha karibu nusu, na usiku ule wa nyuzi 12 chini ya sifuri huokoa wati 400 na ushei, usiku kucha, bila umeme, bila moshi, bila kelele. Kwa rai yangu asiyebandika plastiki hiyo hana haki ya kulilaumu tanuri.

Tuje kwenye umeme, maana ndiko watu wengi waendako kwanza, nao una fadhila zake: hauna moshi wala mvuke, na mgeni wa siku chache katika kiwanja cha kuegeshea matrela huupata ndani ya kodi yake. Kwanza niondoe udanganyifu mmoja. Dukani hita hupangwa kwa bei mbalimbali, hii ina mafuta ndani ya mbavu zake za chuma, hii ina kauri na feni, na ile imetiwa katika sanduku la mbao lenye sura ya kuni zinazowaka. Lakini wati 1,500 ni wati 1,500, nazo hutoa BTU 5,100 kwa saa, ziwe zimetoka kwenye chombo cha dola 30 au cha dola 300. Tafauti iko katika namna ya kulieneza joto tu: ile ya mafuta huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, wala haina sauti, nami huipenda kwa chumba cha kulala, ile ya feni hukichangamsha chumba upesi, nayo hufaa asubuhi.

Hatari ya umeme huu ni kubwa kuliko msomaji wa Afrika ya Mashariki awezavyo kudhani, na sababu yake ni volti. Kwetu umeme ni wa volti 230 au 240, na hita ya wati 1,500 huvuta ampea 6 na nusu hivi. Marekani soketi ya kawaida ni ya volti 120, na hita ya nguvu zile zile huvuta ampea 12 na nusu. Joto linalozaliwa pahala palipolegea, kama vile kati ya jino la plagi na ulimi wa soketi iliyochakaa, hukua kwa mraba wa ampea, hata ampea zikiwa maradufu joto hilo huwa mara nne. Fauka ya hayo, soketi za matrela mengi ni za aina nyepesi, ambayo nyaya zake hazikukazwa kwa skrubu bali zimebanwa tu katika meno ya shaba, aina inayotosha taa na chaja ya simu lakini ambayo ikibebeshwa ampea 12 tangu magharibi hadi asubuhi huanza kuchoka. Dalili za kuchoka kwake zajulikana. Uso mweupe wa soketi hugeuka rangi ya samli kando ya tundu moja, kisha rangi ya kahawa; plagi ikichomolewa, jino lake moja huwa limepoteza mng'aro na kufanya weusi; na plastiki inayoungua ndani ya ukuta hutoa harufu ya samaki aliyechina, ambayo mtu huweza kuitafuta katika pipa la taka siku nzima bila kuufikiria ukuta. Hita ikiwa imefanya kazi saa moja, weka kiganja juu ya plagi: uvuguvugu si neno, lakini ikiwa kiganja hakistahimili kukaa hapo, izime, na usiiwashe tena katika soketi hiyo mpaka fundi ameibadilisha.

Trela la kadiri hii hupewa kebo moja ya ampea 30, yaani wati 3,600 kwa mahitaji yake yote. Hita mbili humeza ampea 25, na mtu akiwasha maikrowevu, umeme hukatika. Mafundi wenye akili wamebuni njia ya kulikwepa jambo hili, nayo ni hii: nguzo ya umeme ya kiwanjani aghalabu ina soketi nyingine ya ampea 20, ambayo wakazi wengi hawaitumii, waya mnene wa geji 12 huvutwa kutoka hapo hadi kwenye plagi iliyofungwa ubavuni mwa trela, na upande wa ndani huwekwa soketi moja madhubuti ya ampea 20, iliyokazwa kwa skrubu na isiyounganishwa kabisa na nyaya nyingine za trela. Hita moja hupewa njia hiyo peke yake, na kebo kuu ikabaki huru kwa friji, chaja ya betri na jiko. Kazi hii si ya gharama kubwa, na kwa fundi aliyesomea umeme ni ya nusu siku. Naisifu kuliko ununuzi wa hita yoyote mpya.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii, ambalo maelezo ya dukani hayalitaji. Tanuri halipashi joto watu peke yao. Katika matrela yaliyokusudiwa kuvumilia baridi, bomba moja la hewa ya moto huteremka chini ya sakafu, kwenye uwazi uliofunikwa kwa karatasi la plastiki ngumu, ambako yamelala matangi ya maji safi na ya maji machafu pamoja na mabomba. Na hata katika matrela yasiyo na bomba hilo, njia za hewa ya moto hupita sakafuni na kuvujisha joto dogo ambalo mara nyingi ndilo linaloyanusuru mabomba. Thamostati, ambayo ndiyo iliamuruyo tanuri liwake au lilale, iko ukutani sebuleni, kimo cha kifua cha mtu. Basi mtu huweka hita ya umeme sebuleni, chumba kikafika nyuzi 20, thamostati ikaridhika, tanuri likalala usiku mzima, naye akalala kwa furaha akiihesabu gesi aliyookoa. Chini yake, shibiri chache kutoka godoro lake, ule uwazi uliozoea kupata hewa ya moto mara kwa mara haukupata chochote tangu isha. Saa tisa za usiku maji yaliyomo katika kiungo cha bomba yanaganda, yanatanuka kwa asilimia 9, na kiungo cha plastiki kinafanya ufa mwembamba usioonekana. Asubuhi mfereji hautoi kitu, lakini siyo siku hiyo msiba utakapojulikana, bali ni siku baridi itakapolegea na barafu kuyeyuka, maji yatakapoanza kupita ndani ya sakafu na kuiozesha mbao yake.

Dawa ya hayo si kuiacha hita, bali ni kuipa kazi ndogo kuliko haja. Nje kukiwa nyuzi 12 chini ya sifuri trela ladai wati 3,000. Hita ikiwekwa katika daraja yake ya chini, wati 750, huibeba robo ya mzigo, na tanuri litaamka mara kwa mara kuzibeba robo tatu zilizobaki, likipitisha joto lake kando ya mabomba. Ikiwekwa wati 1,500 hubeba nusu, na mtungi ambao ungedumu saa 31 utadumu maradufu, ilhali tanuri bado laamka. Lakini nje kukiwa nyuzi 3 tu chini ya sifuri, na mtu akailalia thamostati aliyoishusha hadi 14, mzigo wote ni wati 1,700, na hita ya 1,500, pamoja na joto la miili ya watu wawili waliolala, yaweza kuutosheleza. Hapo tanuri haliamki kabisa. Ndiyo maana usiku wa baridi ya wastani huweza kuyapasua mabomba ambayo usiku wa baridi kali uliyahifadhi, na aliyelala ndani asielewe lililompata.

Pasipo kipimo mtu hubahatisha. Kipimajoto kidogo chenye kitambuzi cha waya, kile kitambuzi kikapenyezwa chini ya sakafu karibu na mabomba na kioo chake kikawekwa kando ya kitanda, humwonyesha mtu hali ya mahali asipopaona; kikishuka kuelekea nyuzi 4, hita ipunguzwe na thamostati ipandishwe, hata kama chumbani ni raha tupu. Na akaaye pahala pamoja majira yote, na auzingire uwazi ulio chini ya trela kwa mbao za foamu ngumu, tangu ukingo wa ukuta hadi ardhini, kama wafanyavyo watu wa Williston, ili upepo ukatike na ardhi, ambayo haipoi kwa kasi ya hewa, ianze kusaidia. Wako wanaozingirisha marobota ya nyasi kavu. Hayo siyapendi, kwa hofu ya moto. Mpira wa maji utokao mferejini nje uzungushiwe mkanda wa umeme wa kuupasha moto, na valvu ya tangi la maji machafu ikae imefungwa mpaka tangi lijae, ndipo limwagwe kwa mara moja.

Sasa tuiache Williston, twende Quartzsite, ambako wengi hupiga kambi jangwani pasipo nguzo ya umeme, wakaishi kwa betri na paneli za jua, na ambako ile feni ya tanuri ndiyo adui. Wengi huchagua hita ya gesi isiyo na feni wala bomba la moshi. Iko yenye uso wa kauri unaowaka mwekundu, na iko ya kikatalisti, yenye bamba la nyuzi zilizotiwa madini ya platini, ambamo gesi huungana na hewa pasipo mwali. Hizi hazitaki umeme, na joto lote la gesi hubaki ndani, wala ile robo ya tanuri haipotei. Ni fadhila kubwa, nami nazikubali kwa jangwa kavu lenye baridi ya saa chache. Lakini vyote vitokavyo motoni hubaki ndani pia. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji yaliyo katika hali ya mvuke; mtungi wa kilo 9 ukiungua wote ndani ya trela umemimina humo zaidi ya lita 14, karibu robo tatu ya ndoo kubwa ya kutekea maji. Mvuke huo hutafuta pahala pa baridi ukatua: kwenye kioo, katika pembe za makabati, na pabaya kuliko pote, kati ya godoro na ubao wake, ambapo joto la mwili hukutana na ubaridi wa chini, na baada ya muda godoro hufanya kuvu jeusi. Hewa ya Arizona huyanywa maji hayo. Hewa ya Seattle, penye mvua majira yote ya baridi, haiyanywi.

Tena moto huo hula oksijeni ya chumba. Watengenezaji wameweka kinga ya kupendeza: mwali mdogo wa kuongozea ambao, oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 18, huinuka na kukiacha kidude cha kupima joto, nacho kikipoa hufunga gesi. Ni ufundi mzuri, lakini hupima oksijeni, haupimi sumu. Sumu yenyewe ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hujishika na damu kwa nguvu izidiyo mara 200 ya oksijeni. Kuna haja gani ya kumweleza habari zake mtu wa Njombe, wa Makete, wa Limuru au wa Kinangop? Nyanda zetu za juu zimezika watu wengi walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga mlango na dirisha, wakalala, wasiamke. Jamaa zao wakawakuta asubuhi wametulia, jiko limezimika. Trela la kipimo tulichokitaja lina mita za ujazo 37 tu za hewa, nalo limezibwa kuliko chumba cha kijijini. Kwa hiyo hita ya gesi isiyo na bomba la moshi iwake watu wakiwa macho tu, dirisha likiwa wazi kidogo chini na tundu la paa likiwa wazi juu, na izimwe kabla ya kulala. Na jiko la kupikia, au la mkaa, lisitumiwe kupasha chumba joto kwa udhuru wowote.

Iko hita ya tatu, ya dizeli, ambayo madereva wa malori, wakiwamo Wakenya, Watanzania na Wakongo waliomo katika kazi hiyo huko Marekani, waifahamu kwa kulala nayo katika vyumba vya nyuma ya usukani. Kampuni za Kijerumani, Webasto na Eberspächer, ndizo zenye sifa ya zamani katika ufundi huu, na siku hizi ziko na za Kichina za bei ndogo. Moto wake, kama wa tanuri, umefungwa mbali na pumzi ya mtu. Ile ya kilowati 2 hunywa robo lita ya dizeli kwa saa ikiwa katika nguvu zake zote, na feni yake hula umeme kidogo kuliko ya tanuri, isipokuwa dakika chache za kuwasha, ambapo plagi yake ya kuanzishia moto huvuta ampea 10 hivi. Kwa asiye na nguzo ya umeme naiona kuwa bora kuliko zote. Hadhari yake ni bomba la moshi, ambalo hutokea chini ya sakafu: aliyeuzingira uwazi wa chini kwa foamu, kisha akaliacha bomba hilo liishie humo humo, ameujaza uwazi huo sumu, nayo itapanda kwa kila tundu la waya. Bomba lipitishwe hadi nje ya uzio na lielekezwe mbali na dirisha, na theluji iondolewe mbele yake, na mbele ya matundu ya tanuri vile vile, kila inapoanguka.

Vyovyote vitakavyochaguliwa, ving'ora viwili viwemo ndani. Cha propani hukaa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na huzama. Cha kaboni monoksidi hukaa karibu na pahala pa kulala. Vyote viwili huzeeka, na tarehe ya mwisho wao imeandikwa mgongoni. Anunuaye trela kuukuu avigeuze avitazame kabla hajalitazama godoro. King'ora cha kaboni monoksidi hulia mara nne kwa haraka, kikanyamaza kidogo, kikarudia. Kikilia, au mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja na maumivu yakapungua mtokapo nje, tokeni kwanza, pamoja na watoto na wanyama, ndipo mtungi ufungwe kwa nje, wala mtu asirudi ndani kutafuta chanzo. Namba ya dharura huko ni 911, na vituo vingi vya namba hiyo huweza kumwita mkalimani kwa simu. Asiyejimudu kwa Kiingereza aseme "Swahili", kisha ataje jina la kiwanja na nambari ya nafasi yake, ambayo yafaa iandikwe kwa herufi kubwa mlangoni tangu siku ya kwanza ya kuegesha.